Uchambuzi wa kisa: Msafara wa wanafunzi wa Dodoma kwenda Tukuyu, na bonde lenye hewa nzito

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinahusu ziara ya masomo ya shule moja ya sekondari ya kutwa jijini Dodoma kwenda Tukuyu, wilayani Rungwe. Jina la shule, mwaka na mahali hasa pa tukio vimeondolewa. Wahusika wanatajwa kwa kazi zao tu: kiongozi wa msafara, ambaye ni mwalimu wa Jiografia; mwalimu msaidizi; matroni; dereva; na mwenyeji, mwalimu mstaafu anayeishi Tukuyu. Familia ya kijana aliyepatwa na madhara imeridhia kisa kiandikwe.

Kimeandikwa kwa ajili ya walimu na viongozi wa vikundi wanaopeleka vijana kwenye nchi ya volkano. Hawa hawakuwa watu wazembe. Walikuwa na kibali cha mkurugenzi, fomu za ridhaa zilizosainiwa na wazazi, basi lililokaguliwa na sanduku la huduma ya kwanza. Ndiyo maana kisa chao kinafaa kusomwa kwa makini.

Usuli

Dodoma iko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari. Mvua yake ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mwaka mzima hupata milimita 600 hivi, mara nyingi pungufu. Tukuyu iko juu zaidi ya mita 1,500 na hupata milimita 2,000 na zaidi. Kijana aliyekulia Chang'ombe au Nkuhungu akishuka kwenye basi Tukuyu mwezi Juni anakutana na ukungu, manyunyu, migomba, mashamba ya chai na baridi ya kutetemesha.

Juu ya mji umesimama Mlima Rungwe, karibu mita 2,960. Upande wa kaskazini-magharibi kuna Ngozi na ziwa lake la kreta, na kusini-mashariki kuna Kyejo. Masimulizi ya Wanyakyusa yanakumbuka Kyejo ukitoa moto, na wataalamu wanakadiria ilikuwa kama mwaka 1800. Rungwe wenyewe ulilipuka kwa nguvu kubwa miaka 4,000 hivi iliyopita. Hakuna mtu aliye hai leo aliyeona lava ikitiririka huko, lakini milima hii haihesabiwi kuwa imekufa. Chini yake bado kuna joto, kuna chemchemi za maji moto, na kuna hewa ya ukaa, yaani gesi ya kaboni dioksaidi, inayopanda kutoka ardhini mfululizo. Hewa hiyo ni nyingi kiasi kwamba huvunwa visimani na kuuzwa viwandani kutia povu kwenye soda na bia.

Kwenye kikao cha wazazi, muda mwingi ulikwenda kwenye swali moja: je, mlima ukilipuka watoto wakiwa huko? Lilikuwa swali la haki. Wazazi wengi walikuwa na Katesh, mji ulio chini ya Mlima Hanang, vichwani. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuua zaidi ya watu 80. Hanang nao ni mlima wa volkano, na kutoka Dodoma unafika Katesh kwa kupitia Singida. Kiongozi wa msafara alijibu vizuri: alieleza kwamba mlipuko mkubwa kwa kawaida hutanguliwa na dalili, akatoa mfano wa Ol Doinyo Lengai mwaka 2007, ambapo matetemeko ya Julai yalisikika wiki kadhaa kabla ya mlipuko wa Septemba. Aliahidi kwamba wakisikia tetemeko lolote wataondoka mara moja. Ahadi hiyo ikaandikwa kwenye muhtasari.

Mzazi mmoja, fundi wa kuchimba visima upande wa Chamwino, aliuliza swali jingine: "Mwalimu, huko kwenye mashimo, hewa ikoje?" Kiongozi alidhani anauliza habari za baridi, akajibu kwamba watoto waje na masweta. Kikao kikaendelea.

Ratiba ilivyopangwa

Siku ya kwanza ilikuwa ya safari: Mtera, Iringa, Mafinga, Makambako, Uyole, kisha kukata kushoto kwenda Tukuyu, zaidi ya kilomita 600. Siku ya pili ilikuwa ya Daraja la Mungu kwenye Mto Kiwira, daraja la asili lililotokana na lava iliyopoa, pamoja na Kijungu, shimo la mwamba kwenye mto huohuo. Siku ya tatu, Ziwa Ngozi. Siku ya nne ilikuwa ya kurudi, lakini kabla ya kuondoka waliweka kituo kimoja kifupi: bonde dogo chini ya mji, kwenye mashamba ya watu, ambako gesi hutoka ardhini na wadudu na ndege huonekana wamekufa. Kituo hicho kilipangwa saa 12:00 asubuhi, kwa dakika 30, ili basi liwe barabarani kabla ya saa 1:00.

Sababu ya kuchagua saa hiyo ilikuwa moja tu, umbali wa kurudi Dodoma. Dereva hakutaka kuendesha usiku na watoto, na alikuwa na haki.

Mambo yalivyokwenda

Walifika Tukuyu usiku, mvua ikinyesha. Wanafunzi kadhaa walikuwa na fulana na sweta jepesi la shule tu. Matroni hakusubiri mtu augue. Asubuhi alimchukua mwenyeji wakaenda sokoni kwenye mtumba, wakanunua makoti na masweta mazito kwa fedha ya dharura, akayagawa kwa kuanzia na wawili wenye pumu. Siku ya pili ilipita salama.

Siku ya tatu walipanda Ngozi kutoka upande wa Isongole. Njia ilikuwa tope tupu, na raba za Dodoma zilizozoea mchanga hazikushika kitu. Walifika ukingoni mwa kreta ukungu ukiwa umefunika ziwa lote. Ulipofunguka kwa muda mfupi, maji ya kijani yakaonekana chini kabisa, na vijana wakaanza kuomba kushuka. Mwalimu msaidizi alikubali. Matroni alikataa. Hoja yake ilikuwa fupi: njia ya kushuka ni ya kushika mizizi, kuna watoto wenye pumu, na saa za mwanga zilizobaki hazitoshi kupandisha mtu aliyeteguka mguu. Kiongozi alimuunga mkono mbele ya wanafunzi, na akawaeleza sababu zote tatu. Manung'uniko yalikuwepo, lakini hakuna aliyechomoka.

Jioni ile mwenyeji aliwaleta walimu kwa mama mmoja mwenye shamba karibu na bonde la gesi, kwa ajili ya kuomba njia. Walipomsalimu na kumweleza kwamba watakuja alfajiri, alitikisa kichwa.

"Mwalimu, asubuhi hapashukwi. Sisi wenyewe ng'ombe hatuwapeleki upande ule mpaka jua likolee na upepo upite."

"Asante sana mama. Basi tutasogeza mbele," kiongozi akajibu.

Na kweli alisogeza. Alizungumza na dereva, wakakubaliana kufika bondeni saa 3:00 na kulala Makambako njiani. Kwa wanafunzi alitangaza hivi: "Kesho tutachelewa kidogo kuondoka, pumzikeni." Hakusema kwa nini.

Asubuhi ilipofika, kulikuwa kumepoa, hakuna upepo, na mawingu yamefunika jua. Saa 3:00 walipofika kwenye barabara ya juu ya bonde hali ilikuwa ileile. Kiongozi na mwenyeji wakaenda nyumbani kwa yule mama kumuuliza kama wangoje zaidi. Mwalimu msaidizi alibaki na wanafunzi kwenye basi. Wavulana watatu waliomba ruhusa ya kujisaidia, wakaingia migombani, wakateremka hadi bondeni kupiga picha.

Wa kwanza anasimulia kwamba hakuona moshi wala kunusa kitu. Aliona majani mabichi yakikoma ghafla, na chini ya mstari huo nyasi zote zimekauka. Kwenye nyasi kavu kulikuwa na panzi wengi waliokufa, mjusi, na ndege mmoja mdogo. Pembeni palikuwa na kijito chenye maji yanayotoa mapovu. Ungedhani yanachemka, kumbe ya baridi. Mmoja wao alichuchumaa ili ampige picha yule ndege kwa karibu. Baada ya muda mfupi alihisi pua inawasha na kifua kinakwenda mbio. Alijaribu kusimama, miguu ikakataa, akaangukia magoti, kisha kifudifudi.

Wa pili, aliyekuwa amesimama hatua chache juu yake, alitaka kumkimbilia. Kijana wa jirani aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe ng'ambo ya pili alipiga kelele: "Usiiname! Usiiname!" Akaja mbio kutoka juu, akavuta pumzi, akaibana, akamshika aliyeanguka kwenye kola ya koti na kumburuta kupanda mlima bila kuinama zaidi ya alivyolazimika. Alimwachia walipofika kwenye majani mabichi. Kijana alikohoa, akatapika, akafumbua macho. Hakujua alikuwa wapi.

Maamuzi baada ya tukio

La kwanza lilikuwa la mwalimu msaidizi. Alipiga filimbi, akawahesabu wanafunzi wawili wawili kwa orodha ya jozi waliyokuja nayo kutoka Dodoma, na akahakikisha hakuna mwingine migombani kabla ya yeye mwenyewe kuondoka kwenye basi. Watu wamemlaumu kwamba alichelewa kwenda kwa mgonjwa. Mimi naona alifanya sawasawa: mgonjwa alikuwa tayari juu, mikononi mwa mtu, na hatari kubwa kuliko zote wakati ule ilikuwa wanafunzi wengine kukimbilia bondeni kuangalia.

La pili, hospitali. Baada ya dakika 20 hivi kijana alisema yuko salama, kichwa kinauma tu. Dereva alishauri safari ianze, wapite hospitali ya njiani ikibidi. Matroni na kiongozi walikataa, wakampeleka hospitali ya karibu, akawekewa oksijeni na kuangaliwa hadi jioni. Aliruhusiwa siku hiyohiyo bila madhara ya kudumu.

La tatu, wazazi. Kiongozi alimpigia simu mama wa kijana kabla ya kufika hospitali, akampa simu aongee na mwanawe. Kisha akaandika ujumbe mmoja kwenye grupu la WhatsApp la wazazi: nini kimetokea, mtoto yuko wapi, msafara utalala wapi, nani apigiwe. Alitaja wazi kwamba ilikuwa gesi, na kwamba mlima haukulipuka. Hofu iliyokuwa imeanza kuenea kutokana na ujumbe wa wanafunzi ikatulia.

Kwa nini gesi ilikuwa pale, saa ile

Hewa ya ukaa haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa mara moja na nusu. Inapotoka ardhini kwenye mahali pa shimo, hujaa humo kama maji kwenye karai: chini kabisa ni nyingi, juu kidogo ni pungufu, na ukingoni unaweza kusimama bila kujua. Usiku hewa inapopoa na kutulia, hujikusanya. Jua likichomoza na kupasha ardhi, upepo ukaanza, hutawanyika. Kwa hiyo asubuhi ni saa mbaya, na asubuhi yenye mawingu bila upepo ni mbaya hata saa 3:00 ikishafika. Yule mama hakutaja saa. Alitaja jua na upepo, na kiongozi akaligeuza jambo hilo kuwa saa kwa sababu ratiba huandikwa kwa saa.

Hewa tunayovuta kila siku ina ukaa pungufu ya asilimia 0.1. Ukifika asilimia 5 kichwa kinauma na pumzi zinakwenda mbio. Ukifika 10 na kupita, mtu anaweza kuzimia ndani ya dakika chache, na ukizidi sana, kwa pumzi chache tu. Wenzetu wa Goma, Kongo, chini ya volkano za Nyiragongo na Nyamulagira, wanaita maeneo ya namna hii mazuku, na huua watu na mifugo bila mlipuko wowote. Mfano mkubwa kuliko yote ni Ziwa Nyos, Kamerun: tarehe 21 Agosti 1986 hewa ya ukaa iliyokuwa imeyeyuka kwenye kina cha ziwa la kreta ilifumuka usiku na kuua zaidi ya watu 1,700.

Huku Dodoma tunayajua haya kwa njia nyingine. Fundi akishuka kwenye kisima kirefu au shimo la choo akazidiwa, mwenzake humfuata kumwokoa, naye hubaki hukohuko. Mafundi wazoefu hawashuki kabla ya kupima hewa au kuipuliza. Yule mzazi wa Chamwino aliuliza swali lililogusa tukio lenyewe, wiki kadhaa kabla, mbele ya walimu wote.

Kilichofanya kazi

Mwenyeji. Bila yeye msafara ungefika bondeni saa 12:00 asubuhi, kwa mguu, kundi zima. Ushauri wa kuomba njia kwa mwenye shamba ulikuwa wa kwake, na ndio ulioleta onyo. Shule nyingi huona mwenyeji ni gharama ya kupunguza. Hapa alikuwa gharama ndogo kuliko mafuta ya kutoka Dodoma hadi Mtera.

Orodha ya jozi pia ilifanya kazi, na fedha ya dharura iliyowekwa mikononi mwa matroni badala ya kusubiri idhini. Na Ngozi inastahili kutazamwa tena: kukataa kushuka kulifanikiwa kwa sababu vijana walipewa sababu zote. Vijana wa kidato cha tatu walio na mlima mbele yao, ukiwapa amri tupu watatafuta upenyo. Ukiwaeleza mizizi, pumu na mwanga, wanakasirika lakini wanabaki.

Kilichoshindikana

Tofauti ya Ngozi na bondeni ndiyo kiini cha kisa hiki. Kwenye bonde, onyo lilimfikia kiongozi likaishia kwake. Alilitii yeye, akabadilisha ratiba kwa gharama ya usiku mzima wa malazi, lakini wanafunzi walisikia "tutachelewa kidogo". Kwa wale watatu, bonde lilikuwa kivutio kilichocheleweshwa na wakubwa wanaoongea. Hawakujua kwamba lipo jambo la kuogopa. Nimewauliza mmoja mmoja. Wote wanasema wangejua kwamba ng'ombe hawapelekwi pale asubuhi, wasingeshuka. Nawaamini, kwa sababu siku moja kabla walibaki ukingoni mwa Ngozi.

Maandalizi nayo yaliegemea upande mmoja. Karatasi ya tahadhari ilikuwa na nusu ukurasa juu ya mlipuko na tetemeko, mstari mmoja juu ya baridi, na hakuna neno juu ya gesi, ingawa kituo cha mwisho cha ratiba kilikuwa kituo cha gesi. Waandaaji walilijua bonde kama somo la kufundishia na hawakulipeleka kwenye orodha ya hatari. Hili nimeliona kwenye ratiba za shule nyingine pia.

Baadaye mwalimu mmoja alipendekeza kwamba wangewasha kiberiti na kukishusha kuona kama kitazimika. Nashauri kipimo hicho kisitumike na wanafunzi. Moto huzimika hewa ikiwa tayari imeharibika kupita kiasi cha binadamu kuvumilia. Unaweza kuwaka vizuri mahali ambapo mtu aliyechuchumaa ameanza kulewa. Dalili zilizokuwepo pale zilikuwa bora zaidi: mstari wa nyasi zilizokauka, panzi, mjusi, ndege. Mwanafunzi aliyefundishwa maana ya mstari ule asingeuvuka. Aliyekuwa hajafundishwa aliinama kuupiga picha.

Kuhusu uokoaji, yule kijana wa jirani alifanya jambo ambalo singemshauri mwanafunzi alifanye. Alifaulu kwa sababu anaijua ardhi ile, alibana pumzi, hakuinama, na umbali ulikuwa mfupi. Mwanafunzi wa pili angemfuata mwenzake kwa kuchuchumaa na kumshika mabega, tungekuwa na wawili chini. Anayeona mtu ameanguka kwenye shimo la namna ile apige kelele, abaki juu, na kama kuna kamba itumike.

Hali ilivyo sasa

Kijana alirudi shuleni wiki iliyofuata. Shule ilituma walimu wawili Tukuyu kumshukuru aliyemwokoa na yule mama mwenye shamba, pamoja na mchango wa wazazi. Fundi wa visima ameombwa kuzungumza na wanafunzi kabla ya kila msafara, na alikubali kwa masharti kwamba aje na kamba yake.

Karatasi ya tahadhari imeandikwa upya. Kila kituo kina safu tatu: kinachoonekana pale, kinachoweza kudhuru pale, na nani wa eneo hilo aliyeulizwa. Safu ya tatu ikiwa tupu, kituo hakiendi. Onyo lolote linalopokelewa njiani husomwa kwa wanafunzi wote kabla ya kulala, kwa maneno yaleyale ya aliyelitoa.

Walimu bado wamegawanyika juu ya bonde lenyewe. Wapo wanaotaka liondolewe kabisa. Maoni yangu ni kwamba libaki, litazamwe kutoka kwenye barabara ya juu, saa sita mchana, siku yenye jua na upepo, mwenyeji akiwa mbele na mwalimu mmoja akiwa upande wa migomba. Kama siku hiyo ina mawingu, basi lipite bila kusimama.